Kitanda Namba Kumi na Moja

Ilula, Iringa
2 Oktoba 2023

Ndugu A. Mwambene,

Kamwene. Hunijui na mimi sikujui. Jina lako nimelikuta nyuma ya kifungo cha plastiki, limeandikwa kwa herufi ndogo pamoja na anwani ya ofisi yenu huko Ilomba. Ilibidi nivae miwani ya marehemu mume wangu ndipo nikaweza kulisoma.

Mume wangu ni Liberatus Kihwele, fundi cherehani wa hapa Ilula. Mwezi wa saba alikwenda Igawa kupeleka sare za shule alizoshona. Moyo ukamshika hukohuko, wakampakia kwenye gari lililobeba mpunga mpaka hospitali ya Mbeya. Alilazwa siku mbili. Siku ya tatu, Jumatano tarehe 19, akafariki mchana, mimi nikiwa njiani kumfuata. Wakati huo basi lilikuwa limesimama Makambako, abiria wanakula. Mimi nilinunua mahindi mawili ya kuchoma, moja langu na moja nimpelekee yeye.

Jioni nilipofika nilikabidhiwa mfuko wa vitu vyake: koti, viatu, simu, futi ya kupimia na miwani. Kifungo chenu kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti pamoja na kamba yake. Nilidhani ni cha nguo ya mteja, maana marehemu alikuwa akiweka vifungo popote. Kimoja niliwahi kukikuta kwenye kopo la sukari. Nikakitia kwenye kopo pamoja na vingine.

Sasa binti yetu Eveline, anayesoma uuguzi, amekiona akaniambia si cha nguo. Anasema hospitali hiyo humfungia mgonjwa mkononi, na kioo cha kompyuta kinaonyesha yuko wapi ndani ya jengo. Kama ni mali yenu nitairudisha. Lakini kwanza nina swali.

Kwetu siku ya mazishi husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua vipi, alifia wapi. Sisi tuliandika tu "alifariki hospitalini". Shemeji yangu Sosthenes ndiye aliyesoma. Alipofika hapo alisita, akaniangalia mbele za watu kama mtu aliyekuta ukurasa umechanwa. Julai ijayo tunaweka msalaba wa saruji na wasifu utasomwa tena. Nilipowauliza masista, kila mmoja alisema "alikuwa wodini", na kila mmoja alitazama pembeni.

Je, kifungo hiki kinajua alikuwa wapi ile saa yake ya mwisho?

Barua hii nampa Jailos, kondakta wa basi la asubuhi. Marehemu alikuwa akimshonea suruali.

Matilda Kihwele


Ilomba, Mbeya
16 Oktoba 2023

Mama Matilda,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba. Jailos alinitafuta mpaka akanipata, na kwanza alinisimulia habari za suruali zake.

Ni kweli, mimi ndiye niliyefunga mfumo huo. Nina miaka ishirini na tisa, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kubwa. Nitaeleza kwa kifupi. Kwenye dari za jengo kuna visanduku vyeupe. Kifungo hutoa mawimbi, na visanduku huyasikia, hiki kwa nguvu, kile kwa mbali. Kabla wagonjwa hawajaingia nilitembea jengo zima na simu mkononi. Nilichora alama za chaki sakafuni, nikasimama dakika moja juu ya kila alama, nikaandika kila kisanduku kinasikiaje kutoka hapo. Kompyuta hulinganisha inachosikia sasa na nilichoandika siku ile, kisha inaweka nukta kwenye ramani.

Nimefungua kumbukumbu za tarehe 19 Julai. Nukta ya mume wako ilikuwa kitanda namba kumi na moja tangu asubuhi mpaka saa nane na dakika tano, daktari alipoandika taarifa. Haikutoka hapo.

Kwa hiyo unaweza kuandika kwa uhakika, mama, kwamba alifariki akiwa amelala kitandani kwake. Mashine haina sababu ya kudanganya.

Kifungo usikihangaikie. Utakituma utakapopata nafasi.

Wako mtiifu,
Anord Mwambene


Ilula
5 Novemba 2023

Mwanangu Anord,

Asante. Hujui umenipa nini, na sababu yake naomba nibaki nayo mwenyewe. Barua yako niliisoma nimesimama dukani, nikakaa chini, nikaisoma tena. Siku hiyo nilikula ugali nikamaliza. Nilimpelekea Sosthenes naye aisome. Alisema, "Basi alikufa kama watu." Nikaona uso wake umelegea.

Kuna jambo dogo la shukrani. Juzi nililitoa koti la marehemu ili nilianike. Tangu Julai lilikuwa kwenye ule mfuko, limekunjwa vizuri. Nikaona limepigwa pasi. Nilishangaa, kwa sababu alitoka nalo hapa, akasafiri nalo, akapakiwa nalo juu ya magunia ya mpunga. Lilipaswa kuwa limekunjamana kabisa.

Tena limepigwa pasi kwa namna yake. Mafundi wengi wakipiga pasi mkono wa koti wanaulaza mezani, na mkono unatoka na mstari kama suruali. Marehemu aliuchukia mstari ule. Alikuwa akiviringisha taulo, anaisukuma ndani ya mkono wa koti, halafu anapiga pasi akiizungusha. Mkono unatoka mviringo kama una mtu ndani. Mimi mwenyewe amenifundisha miaka na sijaweza. Hapa Ilula hakuna mwingine afanyaye hivyo, na wateja walikuwa wakimtania kwamba anapiga pasi mikono ya mizimu.

Koti hili limepigwa hivyo, mikono yote miwili.

Nadhani kuna sista mwema aliyemhudumia, akampigia pasi koti yeye akiwa amelala, na pengine marehemu alimwelekeza kwa mdomo. Naomba umtafute uniambie jina lake. Nitapenda litajwe siku ya msalaba.

Nimempa Jailos ndoo ya nyanya. Usimlipe nauli ya ndoo, atakudanganya kwamba hajalipwa.

Mama yako,
Matilda


Ilula
20 Desemba 2023

Mwanangu Anord,

Sijapata jibu. Jailos anasema alikukabidhi barua mkononi, na kwamba ulipoisoma ulikaa juu ya ndoo ya nyanya.

Kama unaumwa, niambie. Kama huyo sista amehama, si neno, jina tu linatosha.

Krismasi njema. Mwaka huu hakuna aliyeleta nguo ya kushona. Watu wanapita mbele ya duka, wanapunguza mwendo, halafu wanapita.

Matilda


Ilomba
14 Januari 2024

Mama Matilda,

Shikamoo. Sikuwa naumwa. Barua hii nimeianza mara nyingi. Mkuu wa mradi ameniambia nisikuandikie tena, lakini nyanya zako nilizila, na nimeshindwa kunyamaza.

Hakuna sista aliyempigia pasi koti. Niliwauliza wote. Wodini hakuna pasi.

Nilikudanganya, mama, ingawa wakati ule sikujua kwamba nadanganya. Nilikuambia habari ya nukta. Sikukuambia habari ya duara.

Ndani ya programu yangu sikuweka mkisiaji mmoja, niliweka kumi. Kila mmoja nilimfundisha kwa sehemu yake ya vipimo vile vya chaki, ili wasifanane. Chukua mafundi kumi wanaokadiria kifua cha mteja kwa macho, bila futi. Wakitaja namba zinazokaribiana, unaweza kukata kitambaa. Wakitofautiana sana, weka mkasi chini. Duara ndilo linaloonyesha wametofautiana kiasi gani. Likiwa dogo, nukta iamini. Likiwa kubwa, kompyuta inakiri kwamba haijui.

Mwanzoni duara lilionekana kwenye kioo. Masista hawakulipenda. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka kujua mgonjwa yuko wapi, sitaki kujua wewe unajiuliza nini." Tulicheka wote. Mkuu wa mradi naye akasema wageni wanakuja kuuona mfumo, mambo ya kujiuliza yabaki ndani. Nikalizima. Ilinichukua mstari mmoja wa maandishi. Lakini namba zake ziliendelea kujihifadhi, na baada ya barua yako ya koti nilikwenda kuzisoma.

Tarehe 19, mpaka saa saba na dakika kumi mchana, duara la mume wako lilikuwa hatua tatu. Baada ya hapo likawa hatua kumi na tisa. Jengo zima lina upana wa hatua ishirini na sita. Nikafungua jibu la kila mkisiaji. Wawili walisema yuko chooni. Watatu walisema koridoni. Mmoja alisema nje, kwenye kamba za nguo. Wanne walisema wodi ya jirani. Programu ikachukua katikati ya majibu hayo yote, ikaivuta nukta mpaka kwenye kitanda kilicho karibu, kama nilivyoiagiza. Kitanda hicho kikawa namba kumi na moja. Kati ya wale kumi, mama, hakuna hata mmoja aliyesema yuko kitandani.

Saa saba na nusu sista wa zamu alitazama kioo. Wakati huo upande wa pili alikuwa ameletwa mama mmoja mwenye hali mbaya sana. Sista akaona nukta iko kumi na moja, akaendelea na yule mama. Naomba usimlaumu. Aliniamini mimi.

Na nadhani najua alikuwa wapi. Mwisho wa korido, chini ya ngazi, kuna chumba chenye mlango wa chuma. Nilipokuwa nikipima jengo, kilikuwa kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao mama Tumpe wa mashuka, na mama Tumpe alikuwa amekwenda msibani Tukuyu kwa siku nne. Namba yake nilikuwa nayo. Lakini unampigiaje mtu aliyekaa msibani ukamwuliza habari za ufunguo? Kumsubiri sikuweza, Ijumaa nilitakiwa kukabidhi kazi. Nikaandika "stoo" kwenye ramani, nikapita. Wakisiaji wangu wote kumi hawajui kwamba chumba hicho kipo, kwa sababu sikukikanyaga.

Ndicho chumba cha kupigia pasi.

Nisamehe.

Anord


Ilula
11 Februari 2024

Anord,

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Sikukasirika mara moja. Niliipasha moto pasi ya mkaa ya marehemu, nikachukua shati lake, nikalipiga pasi, nikalikunja, nikalikunjua, nikalipiga tena.

Sasa nitakuambia kwa nini barua yako ya kwanza ilinifanya nile ugali nikamaliza.

Asubuhi ile, kabla sijapanda basi, nilimpigia simu. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko jana yake. Tulizoea kutaniana, miaka ishirini na saba hatukuwa na lugha nyingine. Nikamwambia, "Baba Eveline, nisije nikakukuta umekunjamana kama shuka la gesti. Nakuja mjini, watu wataniona." Alicheka mpaka akakohoa. Akanijibu, "Njoo. Utanikuta kama bwana harusi."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Sijawahi kumwambia mtu, hata Eveline. Daktari alikuwa amemwambia asiinuke.

Uliponiandikia kwamba hakutoka kitandani, nilijua hakunisikiliza. Nilishukuru. Katika maisha yetu yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumshukuru Mungu kwamba mume wangu hakunisikiliza. Hata nilipoliona koti bado nilitafuta sista. Nilimtunga sista mzima, nikampa na roho nzuri.

Sikutaka kujua alikuwa wapi, mwanangu. Nilitaka kuambiwa hakuinuka.

Sasa yamekwishajulikana. Msalaba uko palepale Julai, na Sosthenes anasubiri karatasi. Ile ya kitanda namba kumi na moja anayo tayari. Anaipenda. Ninaweza kumwachia aisome, na hakuna mtu Ilula atakayejua. Ila mimi nitakuwa nimekaa pale nasikia.

Usiniandikie mpaka umempata huyo mwenye ufunguo. Muulize, na uniletee alichosema, kiwe kizuri au kibaya.

Matilda


Ilomba
21 Aprili 2024

Mama Matilda,

Shikamoo. Nimempata. Kumbe mama Tumpe anakaa mitaa miwili tu kutoka kwangu, hapahapa Ilomba. Mara ya kwanza alinikaribisha chai, nilipotaja jina la marehemu akasema amechelewa kanisani. Mara ya pili alimtuma jirani aseme hayupo, nami namsikia akiimba ndani. Mara ya tatu nilikwenda na barua yako ya koti, nikamsomea ile sehemu ya taulo. Alilia, kisha akasema yote. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza.

Ilikuwa baridi kali siku hiyo, na kile chumba ndicho chenye joto kuliko vyote. Mume wako aligonga mlango akiwa na koti mkononi. Akasalimia, "Kamwene." Tumpe akamjibu, "Ugonile, baba, umepotea?" Akasema hajapotea, amefuata harufu. Anasema alivuta pumzi pale mlangoni kama mtu aliyefika kwao.

Akaomba pasi. Tumpe alimwambia akae, atampigia yeye. Akakubali, akakaa juu ya mafurushi ya mashuka. Lakini Tumpe alipoulaza mkono wa koti mezani, akainuka. "Hapana, mama, hapo unaniharibia. Mke wangu anatoka Ilula leo. Ananidai niwe bwana harusi." Akaomba taulo, akaiviringisha. Mkono wa kwanza alipiga yeye, taratibu, akimwonyesha. Wa pili alimwachia Tumpe ajaribu, akawa anamcheka. Tumpe anasema alimwita mwanafunzi mzito.

Kwa hiyo mkono mmoja wa koti ni wa mume wako na mmoja ni wa mama Tumpe. Hakumbuki ni upi.

Halafu alivaa koti. Akakaa tena kwenye mashuka, akaegemea ukuta wenye bomba la maji ya moto, akasema apumzike kidogo hapo penye joto. Kifungo chetu kilikuwa kinamkwaruza mkononi, akakivua akakitia mfukoni. Tumpe alipeleka mashuka wodini, akarudi baada ya muda usiozidi robo saa. Alimkuta amekaa vilevile, kichwa kimeinama kidogo. Alidhani amesinzia, akamfunika miguu. Alipomgusa mkono ndipo akajua.

Mgonjwa kuingia chumba kile ni marufuku, na Tumpe ana watoto watatu. Alimwita mlinzi mmoja, wakamrudisha kitandani kwa kigari cha nguo, wakamvua koti, yeye akalikunja. Ndipo wakamwita daktari. Namba kumi na moja ikawa kweli dakika ile, siyo kabla. Anaomba umsamehe. Anasema tangu siku ile hajapiga pasi mkono wowote bila taulo.

Nilimtafuta na daktari. Nilimwuliza: kama angebaki kitandani, angepona? Akasema moyo ule ungeweza kusimama akiwa amelala, au akinywa uji. Pia ungeweza kusubiri. Kama sista angemkuta mapema, pengine wangefanya kitu, pengine wasingefanya. Nikamwomba anipe hata namba ya kukadiria. Alisema hana, na akinipa atakuwa ananidanganya.

Mama, mimi ni mtoto kwako, siwezi kukufundisha namna ya kulia. Lakini jambo moja nimelijua kwa gharama kubwa. Nilichukua majibu kumi yaliyotawanyika, nikaweka nukta moja katikati, nikawaambia watu mambo ndiyo hayo. Na wewe umechukua moyo wake mgonjwa, safari, magunia ya mpunga, baridi, sista mwenye wagonjwa wengi, mlango niliouruka mimi, ukaweka nukta moja juu ya utani wako wa asubuhi. Nakuomba uiondoe. Weka duara. Ndani yake na mimi nipo, na siombi kutolewa.

Kesho kutwa nitakwenda na chaki kukipima chumba kile. Mama Tumpe amesema atafungua.

Anord


Ilula
24 Julai 2024

Mwanangu Anord,

Jumamosi tumeweka msalaba. Padri alikuja mapema, saruji ilikuwa bado na unyevu upande mmoja.

Sosthenes alikuwa na karatasi yake ya kitanda namba kumi na moja, kaipiga chapa kabisa. Nikamwambia, "Shemeji, leo nitasoma mwenyewe." Alinitazama, akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Mimi nimeishia darasa la saba na sijawahi kusoma mbele za watu. Nilivaa miwani ya marehemu. Nimekunakilia sehemu ya mwisho:

"Asubuhi ya tarehe 19 mke wake alimtania kwa simu kwamba asimkute amekunjamana. Mchana aliinuka kitandani, akaenda chumba cha kupigia pasi, akapiga pasi koti lake kwa taulo, akamfundisha mama Tumpe. Alifariki hapo, kabla ya saa nane, amekaa penye joto, amevaa koti lake. Kama angebaki kitandani angepona au asingepona, hatujui. Tumeuliza, na waliosema hawajui tumewashukuru."

Nilipomaliza niliikunja karatasi. Nilifikiri sasa wataanza kuondoka mmoja mmoja. Kisha mzee Ezekia, aliyekuwa akishonewa na marehemu tangu zamani, akacheka, cheko lile la mtu anayelia. Akasema, "Huyo ndiye Liberatus. Mnaomfahamu semeni kama siye." Watu wakaitikia.

Sosthenes alivua koti lake pale makaburini, akaunyosha mkono wake kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku. Marehemu ndiye aliyemshonea, mwaka ule wa harusi ya binti yake. Akanisogezea nione. "Shemeji," akasema, "hata hili langu halina mstari."

Utani wangu bado unaniuma. Sitakudanganya kwamba duara limeondoa kitu. Nukta nilikuwa naibeba peke yangu na mahali pake nilipajua. Hili duara ni kubwa, asubuhi nyingine naamka niko katikati yake, nyingine niko ukingoni. Ila sasa Eveline anajua maneno yale ya simu. Aliniomba nimwigizie baba yake alivyocheka, nikaigiza, nikakohoa na kukohoa.

Mwambie mama Tumpe sina kinyongo. Koti nimelichunguza sana. Mkono wa kushoto una kijimkunjo karibu na kwapa. Nadhani huo ndio wake. Mwambie ni kazi nzuri kwa mwanafunzi wa siku moja.

Kifungo nimekitoa kwenye kopo, anacho Jailos. Lakini usikitie kabatini. Kipeleke kwenye kile chumba, ukiweke juu ya mashuka, pale alipokaa, halafu uende ukatazame kioo. Uniandikie kimesema nini.

Mama yako,
Matilda


Ilomba
2 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Kifungo kimefika, kimefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha sare. Kitambaa hicho nimebaki nacho, ukikitaka nitakirudisha.

Jana nilikibadilisha betri, mama Tumpe akafungua mlango wa chuma, tukakiweka juu ya mashuka karibu na bomba. Alama zangu za chaki za Aprili bado zipo sakafuni, amekataa zifutwe. Yeye akabaki pale, mimi nikaenda wodini kutazama kioo. Sista wa zamu alikuwa yuleyule wa siku ile. Tulisimama pamoja.

Duara linaonekana tena, tangu Juni. Mkuu wa mradi alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwekea mezani majibu ya wale kumi ya tarehe 19. Aliyasoma moja moja, akasaini bila kunitazama.

Wakisiaji tisa wamesema chumba cha pasi. Mmoja amesema korido, na sijamnyamazisha. Nukta imekaa chini ya ngazi. Duara lake ni hatua nne.

Kitanda namba kumi na moja kiko nje ya duara. Sista aliweka kidole juu yake kwenye kioo, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akageuka akaenda kukitazama kwa macho.

Anord